Baba, Wale Kuku Hawakupaswa Kula

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu ulipokuwa hai hukusikiliza neno la mtu yeyote kabla ya shikamoo, hata kama amekuja mbio kukuambia ng'ombe wameingia shambani, na sidhani kama huko uliko wamekubadilisha. Nakupa nafasi uitikie. Haya.

Sisi wazima. Mama mzima pia, isipokuwa magoti, ambayo anasema yanatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mimi niko Kintinku, huku Manyoni, ndiko nilikopangiwa kazi baada ya chuo. Ni afisa mifugo sasa, Baba. Nazunguka kwa pikipiki na sanduku la chanjo, na watoto wa hapa wananiita Daktari wa Kuku. Ungefurahi mpaka ungekera watu. Jioni hii mvua imenifungia ndani, nikakumbuka yale mashindano, nikacheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama nina mgeni. Nikamwambia sina. Kisha nikaona si kweli, nikachukua karatasi.

Nilikuwa kidato cha tatu. Wewe ulikuwa umerudi kutoka machimbo ya Sekenke na mgongo uliokataa kunyooka na dhahabu isiyotosha hata hereni moja. Mama alikuwa na shamba lake la alizeti. Wewe hukuweza tena kuinamia jembe, ukawa unakaa nyumbani unawatazama kuku. Mwanzoni uliwatazama kwa kukosa la kufanya. Baadaye uliwatazama kwa mapenzi.

Kijijini kwetu mwanaume anajulikana kwa ng'ombe wake. Kuku ni wa mama na watoto. Wewe hukujali. Uliwajengea banda kabla ya kuziba paa la jikoni, jambo ambalo Mama hajalisahau hadi leo. Ukawapa majina. Kulikuwa na Shangazi, aliyeingia ndani bila hodi na kulalamika muda wote. Kulikuwa na Karani, aliyetembea ameinamisha kichwa upande kama mtu aliyepoteza kalamu. Kulikuwa na Bi Harusi, mweupe, mwenye maringo, asiyekubali kula na wenzake. Ukiita jina, kuku anakuja. Watu walipita njiani wakasikia sauti nene ya mchimbaji ikisema, "Bi Harusi, mama, umekula?" wakaongeza mwendo.

Baba Mdogo Yona ndiye aliyeumia zaidi. Alikuja siku moja, akakaa kwenye kigoda, akakutazama ukimtoa Shangazi kwapani mwako, akasema, "Kaka, watu wakiniuliza siku hizi unafanya nini, nawaambia unaumwa. Naona ni heshima zaidi."

Kisha akaleta habari ya shimo jipya. Yeye na wenzake walikuwa wamepata sehemu huko Sekenke, walihitaji mtu mzoefu. Wewe ukasema utafikiria. Mama alikuwa anapepeta mtama, akakung'uta ungo mara mbili kuona kama kuna punje zilizobaki: nyumbani kulikuwa kugumu. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na kitabu. Nilikuwa nimeshaona namna ulivyolala umekaa, umeegemea ukuta, kwa sababu ukilala chali mgongo unakuamsha. Nikaogopa, Baba, nikarudisha macho kitabuni, kwa sababu mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa.

Wiki ile ile Mwalimu Sarah akaingia darasani na tangazo. Mashindano ya utafiti wa sayansi kwa shule za sekondari nchi nzima. Unapeleka wazo, likikubaliwa unafanya utafiti, ukichaguliwa unakwenda kuuonyesha Dar es Salaam. Shule yetu ya kata haikuwahi kupeleka kitu popote zaidi ya timu ya mpira wa pete, nayo ilirudi na wagonjwa wawili. Mwalimu akauliza nani ana wazo. Zuhura, tuliyekaa naye dawati moja, akanisukuma kwa kiwiko, akasema kwa sauti, "Mwalimu, baba yake Rehema anaongea na kuku." Darasa zima likacheka. Mwalimu Sarah hakucheka. Akaniuliza, "Wanataga?"

Ndivyo ilivyoanza. Swali letu lilikuwa rahisi: kuku wa kienyeji akiongezewa mashudu ya alizeti, pumba na majani makavu ya mlonge, atataga zaidi kuliko yule anayejitafutia tu? Mashudu yalikuwa yanamwagwa nyuma ya mashine ya kukamulia mafuta, mlonge ulikuwa uani, na kuku walikuwa wako. Nilikuja kukuomba. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza swali moja: "Wataumia?"

"Hapana, Baba. Watakula tu."

"Wote?"

Hapo ndipo nilipokueleza habari ya kundi la kulinganishia. Nilikuambia sita watapewa chakula, sita hawatapewa, na bila wale wasiopewa hatuwezi kujua kama chakula kimesaidia. Ukasema, "Kwa hiyo hawa sita kosa lao ni nini?" Nikasema hawana kosa, ni sayansi. Tangu siku hiyo ukawaita wale wa adhabu.

Tuligawa banda kwa wavu. Mchana wote walitoka kujitafutia pamoja, jioni waliingia kila mmoja upande wake. Upande mmoja chombo kilijaa, upande wa pili palikuwa na maji tu. Mwalimu alitaka wapewe namba. Wewe ukakataa kuzitumia. Nilikuuliza namba nne ametaga, ukanijibu, "Humu ndani hakuna mtu anaitwa Namba Nne. Karani ametaga." Jedwali letu likawa na namba, na pembeni mwa kila namba jina, na Zuhura akasema ni utafiti wa kwanza duniani wenye orodha ya waalikwa.

Tulihesabu mayai hadi tukayaota. Matokeo yakatoka. Wale waliolishwa walitaga vizuri sana. Wale wa adhabu nao walitaga vizuri sana. Hakukuwa na tofauti ya kusemea.

Nilikaa nyuma ya darasa nikalia. Zuhura, ambaye roho yake haikutaka makuu, akasema, "Tupunguze mayai ya hawa wa adhabu kidogo kwenye karatasi. Kuku hawawezi kuja kushitaki." Mwalimu Sarah akamtazama mpaka akaanza kuchimba meza kwa ukucha. Baba Mdogo Yona aliposikia, alifurahi kabisa. "Umeona?" alikuambia. "Hata vitabu vimekubali kwamba kuku ni kupoteza muda. Jiandae, mvua zikiisha tunaondoka." Ulitoka nje ukasimama bandani, mgongo umepinda, na mimi nilifikiri umehuzunika kwa ajili ya shimo. Sikujua una jambo lingine rohoni.

Asubuhi moja niliamka mapema kuliko kawaida kwa sababu ya zamu ya usafi shuleni. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Nikaona mwanga bandani. Ulikuwa umechuchumaa upande wa adhabu, umevaa ile taa yako ya kichwani ya shimoni, na bakuli la mashudu mkononi. Shangazi, aliyekuwa ameshiba upande wake, alikuwa amekaa begani kwako. Ukawa unanong'ona:

"Kuleni haraka. Mtafiti hajaamka."

Baba, sijui kama uliniona usoni. Nilisimama pale na ndoo. Ukageuka, taa ikanipiga machoni, na Shangazi akapiga kelele kama ndiye aliyekamatwa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Baba!"

"Walikuwa wananiangalia, Rehema. Wenzao wanakula, wao wamebandika macho kwenye wavu wananiangalia mimi. Ningefanyaje?"

Nilikwenda shule bila kunywa chai. Nilirudi sikukusemesha. Kwa siku kadhaa nilikupa shikamoo na si zaidi, na wewe uliitikia marahaba kwa sauti ndogo, ukinifuata kwa macho kama wale kuku wa nyuma ya wavu. Mwishowe ulivaa shati lako la kanisani, ukatembea hadi shuleni, ukaomba kumwona Mwalimu Sarah. Nilikuona kupitia dirisha na nikatamani ardhi inifunike. Mwalimu ndiye aliyeniambia ulichosema. Ulivua kofia, ukasema, "Mwalimu, andika kwamba utafiti umeharibiwa na mimi. Weka majina yangu yote matatu. Mtoto asihusishwe."

Mwalimu Sarah akakujibu kwamba hajawahi kupata habari nzuri kama hiyo mwaka mzima. Kama wote walilishwa, basi matokeo yalikuwa hayajasema kitu bado. Muda ulikuwepo, tulikuwa tunaweza kurudia. Tatizo lilikuwa moja tu: kuku wa adhabu wakae wapi ambapo hutawafikia?

Hilo ulilijibu wewe mwenyewe, hapo hapo ofisini. "Mwalimu, unataka nyumba ambayo kuku hawezi kupewa hata punje? Basi ni kwa Msengi."

Mzee Msengi, jirani yetu wa upande wa mlimani. Mtu aliyekuwa akikaribisha wageni kwa maneno, "Mmeshakula, bila shaka." Tulikwenda wote wanne jioni ile, wewe na mwalimu mbele, mimi na Zuhura nyuma na kuku sita kwenye tenga. Alitusikiliza amekunja mikono.

"Kwa hiyo kazi yangu ni kutowapa kitu," akasema.

"Ndiyo, mzee," akasema mwalimu. "Maji tu. Mchana watajitafutia huku huku mlimani, pamoja na wenzao."

"Hata makombo?"

"Hata makombo."

"Na mayai?"

"Ya kwako, ila uyahesabu kila siku bila kukosa."

Mzee Msengi akatabasamu. Wanakijiji waliokuwa wakipita walisimama, kwa sababu hawakuwahi kuona jino lake hata moja. "Mwalimu," akasema, "kazi hii nimeifanya maisha yangu yote bila kujua kwamba ni sayansi."

Na aliifanya, Baba. Sijawahi kuona mtu mwaminifu kama yule kwa jambo la kunyima. Na kwa kuwa mayai yalikuwa yake, hakuna yai lililopotea hesabu. Tatizo lilikuja katikati, mwalimu aliposema ni lazima tubadilishane makundi, ili isije ikawa wale wa nyumbani ni watagaji wazuri kwa asili yao. Wale wa Mzee Msengi wakarudi kwetu kula. Shangazi, Karani na wenzao wakahamishiwa kwa Mzee Msengi. Ulimsindikiza Shangazi mpaka mlangoni kama unayemwoza.

Kuanzia hapo ukawa na mapenzi makubwa na Mzee Msengi. Mtu uliyekuwa humtembelei hata msibani, ukawa unakwenda kumjulia hali kila jioni, umevaa koti kubwa. Naye akawa anakungoja kizingitini. "Karibu, jirani," anasema. "Geuza mifuko." Unageuza, mashudu yanamwagika. Hajui kucheka, anakuonyesha njia. Siku ya pili unakuja na mengine kwenye soksi.

Kuku mmoja tu tulimkosa. Bi Harusi. Mchungaji alikuja ghafla, Mama hakuwa na mboga, na mimi niliporudi kutoka shule nilikuta manyoya meupe uani.

"Mama! Alikuwa kwenye utafiti!"

"Na mchungaji alikuwa kwenye njaa," akasema Mama, akaendelea kukoroga.

Wewe hukula siku ile. Ulisema tumbo halijatulia. Mwalimu Sarah, katika kuandika taarifa, alitafuta maneno kwa muda mrefu, mwisho akaandika kwamba kuku namba tisa aliondolewa kwenye utafiti kwa sababu za kiroho.

Safari hii tofauti ilionekana wazi, hata mtu asiyejua hesabu angeiona. Kundi likila kwetu lilitaga, kundi likikaa kwa Mzee Msengi lilijitahidi tu. Tukapeleka taarifa. Baba Mdogo Yona akaja kukuchukua kwenda Sekenke, ukamwambia angoje kidogo, mtoto amepeleka karatasi Dar es Salaam. "Karatasi ya kuku?" akauliza. Ukasema ndiyo. Akaondoka akitikisa kichwa, akasema atarudi, na nafasi yako atailinda kwa mwezi mmoja tu.

Tulipochaguliwa, mkuu wa shule alipiga kengele ya dharura na watoto wakakimbilia uwanjani wakidhani ni nyuki. Ulitakiwa kuja nasi, unakumbuka? Kijiji kilikuwa tayari kukuchangia nauli. Ukakataa. Ulisema mgongo hautavumilia basi, na pia, "Nikienda, hawa nitawaachia nani? Msengi?"

Baba, ule ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kanisa letu na msikiti wao kina Zuhura ukiviunganisha. Wanafunzi wa shule kubwa walikuwa na mashine zinazowaka taa. Jirani yetu wa kulia alikuwa na chombo cha kusafisha maji chenye mabomba mengi. Sisi tulikuwa na bango la kuandikwa kwa mkono, chupa tatu za mashudu, pumba na mlonge, na simu ya Mwalimu Sarah yenye picha za kuku. Mwalimu aliiacha mezani makusudi ili majaji wazione. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho mpaka wino wa bango ukanishika.

Majaji walikuja watatu. Aliyeongoza alikuwa mama wa makamo, mvi kidogo, miwani ya kuning'inia, uso usiotoa habari. Nikaeleza. Zuhura akaeleza. Akafika kwenye jedwali, akaweka kidole.

"Hapa mmeandika kwamba jaribio la kwanza liliharibika kutokana na huruma ya mfugaji. Ni nini hiyo?"

Nikamweleza ukweli. Kwamba mfugaji ni baba yangu. Kwamba alikuwa anawalisha alfajiri.

"Na mara ya pili mna hakika gani kwamba hakuwalisha?"

Nikafungua mdomo nijibu. Simu ikalia. Kwenye kioo pakaandikwa jina lililohifadhiwa na Mwalimu Sarah: Baba Rehema Kuku.

Nilitaka kuikata. Yule jaji akasema, "Ndiye huyo? Mpokee. Weka sauti ya nje."

Sauti yako ikajaa ukumbini, nene, kama bado unaita mtu aliye chini ya shimo. "Haloo mwalimu! Mwambie Rehema Shangazi ametaga juu ya kitanda cha mama yake! Lihesabiwe au lisihesabiwe?"

Watu wakageuka. Jaji akaisogelea simu. "Habari za huko, mzee?"

Kimya. Mimi nilijua unangoja nini, nikafumba macho. Yule mama akatutazama, akafikiri, akaelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Nani mwenzangu?"

"Mimi ni jaji."

"Jaji wa wapi?"

"Niko hapa Dar es Salaam. Binti yako yuko mbele yangu, anajieleza."

Nilisikia kiti kikianguka huko nyumbani. Ukasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, "Mheshimiwa, amefanya nini?"

"Anasema wewe uliwalisha kuku waliotakiwa wasilishwe. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa. Mtoto hana kosa. Kuku ni wangu, bakuli ni langu, mkono ulikuwa wangu."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili nilikuwa na nia, Mheshimiwa, siwezi kudanganya. Lakini Msengi alinipekua. Kila siku. Mpaka soksi."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Yule wa maji alikuwa anashika mabomba yake yasianguke. Jaji mwenyewe alivua miwani akafuta macho. Lakini akauliza tena, taratibu, "Kwa nini uliwalisha, mzee? Ulijua ni utafiti wa mwanao."

Ukasema, "Mheshimiwa, mimi nilikuwa mchimbaji. Ukiwa chini, saa ya kula ya wenzako walio juu ikifika, harufu ya chakula inashuka shimoni. Unawasikia wanacheka. Zamu yako haijaisha, na kamba haijashushwa, na wewe uko pale unatazama juu. Mtu aliyekaa hivyo miaka mingi hawezi kumwona kiumbe anatazama chakula cha mwenzake akapita. Ndiyo hivyo tu. Kama ni kosa, ni kosa."

Nilikuwa nimeishi nawe miaka yote ile na sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Hukuwa unazungumza habari za shimo nyumbani. Zuhura alinishika mkono chini ya meza.

"Asante, mzee," akasema jaji. "Tumekuelewa vizuri sana."

"Hukumu lini, Mheshimiwa?"

"Matokeo ni kesho mchana."

"Sawa," ukasema. "Nitakuwepo nyumbani." Ukakata.

Tulicheka jioni nzima bwenini kwa ulivyomchanganya jaji wa mashindano na jaji wa mahakama, nikidhani ukikaa kidogo utaelewa mwenyewe. Kesho yake tukapata nafasi ya tatu upande wa kilimo na mifugo, na mwalimu akalia kuliko sisi. Nikakupigia haraka.

"Baba, tumepata ya tatu!"

"Tatu nini?" ukauliza. "Miezi?"

"Nafasi, Baba. Nafasi ya tatu. Wametupa cheti."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine."

Ulishusha pumzi ndefu mpaka nikafikiri mtandao umekatika. Nilidhani umevunjika moyo. Kisha ukauliza, "Wa kwanza walileta nini?"

"Mtambo wa maji."

"Na wa pili?"

"Dawa ya kuhifadhi maharage."

"Sasa mbona unasema ya tatu? Kwa upande wa kuku wewe ni wa kwanza."

Yaliyofuata unayajua. Mama alipoona mayai yameongezeka kweli, aligeuza alizeti yake kuwa mafuta ya kuuza na mashudu ya kuku, na banda likapanuliwa. Baba Mdogo Yona alirudi mwezi ulipoisha. Ulimwambia huendi. Alikaa kwenye kigoda kile kile, akakasirika, akala mayai manne, akaondoka. Mwaka haukuisha akaja kuomba jogoo, eti kwa ajili ya mkewe. Leo hii amevaa kofia iliyoandikwa mfugaji na anatoa ushauri usioombwa kijiji kizima. Watu wakimwuliza habari zako, anasema, "Kaka ndiye aliyenianzisha." Mzee Msengi yupo pia, anakusalimu, na bado anasimulia kwamba aliwahi kufanya kazi na wanasayansi.

Ulipoondoka, Baba, ulikuwa kitandani kwako, alasiri, mlango uko wazi na mwanga unafika hadi miguuni. Nilikuwa nimekushika. Nililia sana, lakini chini ya kilio kulikuwa na shukrani moja niliyoona aibu kuisema mbele ya watu: kwamba ulifia juu ya ardhi.

Kuna jambo sikulijua mpaka juzi nilipokwenda nyumbani kumwona Mama. Tulikuwa tunachambua mchele, tunacheka habari ya ile simu, nikasema, "Na Baba alivyodhani ni mahakama!" Mama akaacha kuchambua. Akaniambia kwamba hukudhani hivyo kwa dakika chache tu. Ulipokata simu ulipiga suruali yako pasi ya mkaa. Ulifunga shuka, sabuni na mswaki kwenye mfuko. Ulikwenda kwa Mzee Msengi ukamwomba awatunze kuku, na safari hii ukamsihi awape chakula, naye akakubali. Kisha ulikaa nje na koti lako, jioni ile na asubuhi yote ya kesho yake, unatazama njia. Mama akakuuliza unangoja nini. Ukamwambia, "Wakija, nitakwenda mimi. Mtoto amalize shule."

Kumbe nilipopiga simu ulikuwa umekaa hapo, na mfuko miguuni. Ile pumzi ndefu ndiyo nimeielewa juzi, Baba, na punje za mchele mkononi.

Hukuniambia kamwe. Nilirudi na cheti, ukakipokea kwa mikono miwili, ukanitania kwamba jina lako halimo. Ulijua tayari kwamba hapakuwa na mahakama, na ukaona si habari ya kumsumbua mtu.

Nimejaribu kutafuta maneno ya kukushukuru, na kila ninayoyapata ni madogo, au ni ya kanisani. Basi niseme tu kwamba nakupenda, na kwamba nimelijua hilo la mfuko, na kwamba nimechelewa kulijua.

Mvua imepungua. Kesho nina safari ya vijiji viwili na barabara itakuwa tope. Lala vizuri, Baba. Nyoosha mgongo.

Mwanao,
Rehema